Maji ya Tanganyika Ndani ya Vioo: Historia ya Madini, Ugumu wa Maji na Samaki wa Mapambo

Ufugaji wa samaki wa mapambo katika tangi la kioo ulianza kama sanaa ya kutunza viumbe, lakini kadiri miongo ilivyopita ulizidi kuwa sanaa ya kutunza maji yenyewe, na katika kuyasimulia mabadiliko hayo Ziwa Tanganyika halina budi kuhesabiwa mstari wa mbele. Samaki wake, waliosafirishwa wakiwa hai kutoka Bujumbura, Kigoma na Mpulungu kwenda Ulaya na Marekani katika nusu ya pili ya karne ya 20, hawakuwasumbua wafugaji kwa chakula wala kwa joto. Kilichowasumbua wafugaji hao kilikuwa maji, kwa kuwa maji ya ziwa hilo yana mchanganyiko wa madini ambao haukutoka katika bomba la mji wowote waliokuwa wakiishi.

Maji huitwa magumu yanapobeba kwa wingi kalsiamu na magnesiamu zilizoyeyuka kutoka katika miamba na udongo yalikopita, na huitwa laini madini hayo yanapokuwa machache. Wafugaji wa samaki hutumia vipimo viwili vinavyochanganywa mara nyingi hata na wazoefu. Cha kwanza ni ugumu wa jumla, unaohesabu kalsiamu na magnesiamu peke yake. Cha pili kwa mazoea huitwa ugumu wa kaboneti, ingawa katika vifaa vya wafugaji kinachopimwa hasa ni wingi wa bikaboneti na kaboneti, yaani chumvi zinazoyapa maji uwezo wa kumeza asidi bila kubadilika haraka. Juu ya vipimo hivyo kuna pH, kipimo cha uasidi kilichobuniwa mwaka 1909 na Søren Sørensen katika maabara ya Carlsberg huko Copenhagen, ambapo 7 ni katikati, chini yake ni asidi na juu yake ni alkali. Aliyewahi kulainisha maharage kwa magadi anaijua tofauti hiyo bila kupitia maabara, kwa sababu magadi ni chumvi ya sodiamu: huyafanya maji kuwa ya alkali na kukipandisha kipimo cha kaboneti, lakini hayaongezi kalsiamu wala magnesiamu. Tofauti hiyo ndiyo ufunguo wa habari yote ya Tanganyika.

Upimaji wa ugumu haukubuniwa kwa ajili ya samaki. Katika miaka ya 1840 Thomas Clark, profesa wa kemia huko Aberdeen, Uskoti, alieneza njia ya kupima kwa sabuni: mmumunyo wa sabuni wenye nguvu inayojulikana uliongezwa kidogo kidogo katika chupa ya maji, chupa ikatikiswa, na kiasi kilichotumika hadi povu likakaa bila kuzimika ndicho kilichokuwa jibu, kwa kuwa kalsiamu na magnesiamu huishika sabuni na kuizuia isitoe povu. Waliokihitaji kipimo hicho walikuwa wenye viwanda vya nguo, wafuaji na wahandisi wa mitambo ya mvuke, ambao boila zao zilizibwa na gaga la chokaa. Kila taifa lilijiwekea digrii yake, na ile ya Kijerumani, inayolingana na miligramu 10 za oksidi ya kalsiamu katika lita moja ya maji, ndiyo iliyoingia katika vitabu vya wafugaji wa samaki na kubaki humo hadi sasa. Katikati ya miaka ya 1940 Gerold Schwarzenbach wa Zurich alianzisha upimaji kwa kemikali iitwayo EDTA, ambayo huzikamata kalsiamu na magnesiamu moja kwa moja, na kutokana na kazi hiyo ikapatikana chupa ndogo ya matone ambayo leo haikosekani katika kabati la mfugaji: huchukuliwa mililita 5 za maji ya tangi, dawa hudondoshwa tone baada ya tone hadi rangi igeuke kutoka nyekundu kuwa kijani, na kila tone huhesabiwa digrii moja. Maarifa yaliyohitaji profesa yakawa mikononi mwa mwanafunzi wa shule.

Wafugaji wa mwanzo hawakuwa na haja kubwa ya maarifa hayo. Mwaka 1850 Robert Warington, mkemia wa London, alieleza jinsi samaki na mimea ya majini inavyoweza kutegemeana katika chombo kimoja, na mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ilifungua jumba la umma la samaki. Lakini samaki wa mito ya Ulaya walikuwa wamezoea maji yaleyale waliyotiwa. Tatizo lilijitokeza samaki wa nchi za joto walipoanza kufika kwa meli, na hasa baada ya mwaka 1936, alipopewa jina la kisayansi samaki mdogo anayeng'aa wa neoni kutoka Amazon. Samaki huyo aliishi katika maji ya bomba ila mayai yake hayakuanguliwa humo, kwa sababu vijito vya asili yake hupita juu ya mchanga na majani yaliyooza na vimebeba madini machache mno. Kwa hiyo kizazi kizima cha wafugaji wa Ujerumani, Uingereza na Marekani kilijifunza kuyaondoa madini: wakakinga maji ya mvua, wakayachuja kwa mboji ya vinamasi inayotoa asidi, wakatumia punje za kubadilisha chembe za madini, na baadaye sana wakapata utando wa kuchujia kwa shinikizo ambao Sidney Loeb na Srinivasa Sourirajan waliufanikisha huko California mwishoni mwa miaka ya 1950. Katika mawazo ya wafugaji wa wakati huo maji mazuri yalikuwa maji laini, na chokaa ilikuwa adui.

Ziwa Tanganyika liliupindua mtazamo huo. Ziwa hilo, lenye urefu wa kilomita zipatazo 670 na kina cha karibu mita 1,470, ni la zamani sana, huku makadirio mengi ya wanajiolojia yakilipa umri wa miaka kati ya milioni 9 na milioni 12, na maji yanayoingia humo hutoka hasa kwa kugeuka mvuke. Mlango wake pekee wa kutokea ni mto Lukuga upande wa Kongo, nao hauaminiki. Verney Lovett Cameron aliufikia mwaka 1874, na Henry Morton Stanley alipouchunguza mwaka 1876 aliukuta umezibwa na mimea na matope kiasi kwamba maji hayakuwa yakitoka kwa nguvu yoyote. Miaka michache baadaye kizuizi kilivunjika, mmisionari Edward Hore akashuhudia maji yakienda kwa kasi mwaka 1879, na kina cha ziwa kikashuka kwa mita zipatazo 10 kabla ya karne kuisha, hata ufuko wa Ujiji ukasogea mbali na mji. Ziwa ambalo njia yake ya kutokea huziba na kuzibuka namna hiyo hupoteza maji na kubakiza chumvi, na chumvi hizo, zikikusanyika kwa maelfu ya miaka, ndizo zinazompa samaki wa Tanganyika mazingira yake.

Sehemu kubwa ya chumvi hizo huletwa na mto Rusizi kutoka Ziwa Kivu. Milima ya volkano ya Virunga iliifunga njia ya kale ya maji ya Kivu kuelekea kaskazini, na takriban miaka 10,000 iliyopita ziwa hilo lilifurika na kuanza kumwagika kusini, likibeba magnesiamu, sodiamu, potasiamu na bikaboneti kutoka katika miamba ya volkano. Kalsiamu nayo huingia, lakini kwa kuwa maji ya ziwa ni ya alkali kali huganda na kushuka chini kama chokaa. Matokeo yake ni maji yasiyofanana na yale yanayojulikana kwa wingi: pH yake huwa kati ya 8.6 na 9.2, kila lita ina takriban miligramu 40 za magnesiamu na 10 tu za kalsiamu, ugumu wa jumla hufikia digrii 11 hivi za Kijerumani, na kipimo cha kaboneti hupanda hadi karibu 18. Kwamba kipimo cha kaboneti kiwe kikubwa kuliko ugumu wa jumla ni jambo ambalo mfugaji aliyezoea maji ya chokaa hakulitarajia, na maelezo yake ni yaleyale ya magadi: bikaboneti nyingi ya Tanganyika imeshikana na sodiamu na potasiamu.

Watu wa eneo hilo walikuwa na maarifa yao ya madini muda mrefu kabla ya vipimo hivi. Huko Uvinza, karibu na mto Malagarasi unaoingia ziwani kusini mwa Kigoma, maji ya chemchemi za chumvi yamechemshwa katika vyungu tangu takriban karne ya 5, kama John Sutton na Andrew Roberts walivyoonyesha kwa utafiti wao uliochapishwa mwaka 1968, na chumvi hiyo ilibebwa na misafara hadi mbali kabisa na ziwa. Wanasayansi wa Ulaya, kwa upande wao, waliisoma chumvi ya ziwa kwa makosa. J. E. S. Moore, aliyeongoza misafara ya utafiti katika miaka ya 1890, alivutiwa na konokono wenye makombe kama ya baharini na konyeza mdogo wa maji baridi ambaye Richard Böhm alikuwa amemwona mwaka 1883, akahitimisha katika kitabu cha mwaka 1903 kwamba Tanganyika ni mabaki ya bahari ya kale. Msafara wa W. A. Cunnington wa mwaka 1904 hadi 1905 na tafiti zilizofuata hazikuunga mkono dhana hiyo, na muundo wa maji nao unaikataa: chumvi ya bahari ni hasa kloraidi, ilhali inayotawala Tanganyika ni bikaboneti. Kosa la Moore linastahili kukumbukwa kwa sababu lilirudiwa baadaye, kwa sura nyingine, na wafugaji waliomwaga chumvi ya mezani katika matangi yao wakidhani wanaliiga ziwa.

Samaki wenyewe walijulikana kwanza wakiwa wamekufa ndani ya chupa za makumbusho. Mwaka 1898 George Boulenger wa London aliwaeleza wengi waliokusanywa na Moore, mmojawapo akiitwa *Tropheus moorii* kwa heshima ya mkusanyaji, na baada ya msafara wa Wabelgiji wa mwaka 1946 hadi 1947 Max Poll aliikamilisha orodha hiyo kwa upana mkubwa. Ilibainika kwamba ziwa lina aina zaidi ya 200 za samaki wa familia ya sato na perege, karibu wote wasiopatikana penginepo duniani, kuanzia kuhe, ambaye ndiye mkubwa kuliko wote katika familia hiyo, hadi wadogo wa sentimita chache. Mwishoni mwa miaka ya 1950 wachache walianza kufika Ujerumani wakiwa hai, lakini biashara yenyewe ilisimama mwanzoni mwa miaka ya 1970, Mbelgiji Pierre Brichard alipoweka kituo chake Bujumbura na kuwatuma wazamiaji katika miamba ya pwani. Poll alimpa samaki mmoja jina la Brichard mwaka 1974, naye Brichard mwaka 1978 alichapisha kitabu kuhusu samaki wa Tanganyika kilichosomwa sana na wafugaji. Tanzania na Zambia nazo ziliingia katika biashara hiyo, na kwa kuwa samaki wa aina moja hubadilika rangi kutoka ghuba hadi ghuba, majina ya Ikola, Kipili, Kasanga na Kigoma yakawa yakitamkwa katika nyumba za Ujerumani na watu wasiowahi kufika Afrika.

Wafugaji wengi walidhani kwamba miji yenye maji magumu haitakuwa na taabu na samaki hao. Maji ya London, yanayopita katika miamba ya chokaa, yana ugumu wa jumla unaofikia digrii 15 na zaidi, yaani yanalishinda ziwa lenyewe; hata hivyo ugumu huo karibu wote ni kalsiamu, na pH yake iko chini sana ya 9. Mfugaji aliyepima ugumu wa jumla peke yake aliona namba nzuri akaridhika, na namba hiyo ikampotosha. Kilichotakiwa kilikuwa uwiano: bikaboneti ya sodiamu kwa wingi, magnesiamu ya kutosha na kalsiamu kidogo. Viungo vyake havikuwa adimu, kwani bikaboneti ya sodiamu huuzwa dukani kwa waokaji, na salfeti ya magnesiamu ni chumvi ya kuharisha inayopatikana katika maduka ya dawa. Hesabu yake pia ni nyepesi, kwa kuwa gramu 6 za bikaboneti ya sodiamu katika lita 50 za maji hupandisha kipimo cha kaboneti kwa digrii 4. Wengine walitandaza makombe yaliyopondwa au mchanga wa matumbawe chini ya tangi ili uyeyuke polepole, na njia hiyo husaidia, lakini makombe na mchanga huo huyeyuka hasa maji yanapokuwa yameanza kuwa na asidi, kwa hiyo njia hiyo peke yake haiwezi kuifikisha pH kwenye kiwango cha ziwani.

Sababu ya kuhitaji bikaboneti daima, si siku ya kwanza tu, iko katika maisha ya tangi. Samaki hutoa amonia, na bakteria wanaoishi katika kichujio huigeuza kuwa naitreti, kazi ambayo huzalisha asidi na kula bikaboneti: kila miligramu moja ya naitrojeni ya amonia humaliza uwezo unaolingana na miligramu zaidi ya 7 za kaboneti ya kalsiamu. Tangi lililojaa samaki na lisilobadilishwa maji huishiwa kinga hiyo kimyakimya, kisha pH huporomoka kwa siku chache. Ziwani jambo hilo halitokei, kwa kuwa Tanganyika hushikilia takriban sehemu moja ya sita ya maji baridi yote ya juu ya ardhi yasiyo barafu, na samaki aliyezaliwa katika wingi huo hakuumbwa kustahimili mabadiliko ya ghafla.

Pale ambapo kemia hii ilionekana waziwazi zaidi, na kwa gharama kubwa zaidi, ni katika mfuko wa safari. Mzamiaji akimtoa samaki wa vilindini humpandisha kwa hatua, kibanda cha wavu kikisogezwa juu kidogo kidogo, wakati mwingine kwa siku kadhaa, ili hewa katika kibofu chake isitanuke na kumwua. Baadaye samaki huachwa bila chakula ili asichafue maji, hutiwa katika mfuko wa plastiki wenye maji sehemu ndogo na oksijeni sehemu kubwa, mfuko hufungwa na kupangwa katika sanduku linalohifadhi joto, na safari ya ndege huanza. Ndani ya mfuko pumzi ya samaki hujaza maji hewa ya ukaa, pH hushuka, na hapo ndipo uokovu unapofichika: pH ikiwa 7, chini ya asilimia 1 ya amonia iliyokusanyika ndiyo iliyo katika hali ya sumu. Mpokeaji mwenye haraka alifungua mfuko na kumimina humo maji safi ya tangi yenye pH ya 9, ambapo kwa joto la nyuzi 25 zaidi ya theluthi moja ya amonia ileile hugeuka sumu, na samaki waliovuka bara wakiwa hai walikufa mbele ya mnunuzi. Wafugaji walilaumu ziwa, wakalaumu wazamiaji, wakalaumu ndege, hadi walipoielewa kemia ya pH na amonia na kuanza kumwondoa samaki haraka katika maji yale badala ya kuyachanganya.

Mfano mwingine unaoonyesha jinsi maisha ya ziwa yalivyofungamana na madini yake ni wa samaki wanaoishi ndani ya makombe. Konokono wa ziwani aitwaye *Neothauma* anapokufa, kombe lake halimong'onyoki, kwa kuwa maji hayo ya alkali hayayeyushi chokaa. Badala yake hufunikwa na tabaka jipya la chokaa na kudumu, hivyo sakafu ya ziwa katika sehemu fulani imetandwa makombe ya karne nyingi. Katika makombe hayo hukaa samaki wa sentimita tatu au nne, kila jike na kombe lake, akichimba mchanga kulizunguka na kutagia ndani yake, na akiona hatari huingia mzima asionekane. Katika maji laini ya Amazon mji wa namna hiyo usingeweza kujengwa, kwani makombe yangeliwa na asidi muda mfupi baada ya mwenyewe kufa.

Maarifa ya kutengeneza maji yalileta jambo ambalo wafanyabiashara wa mwanzo hawakulitazamia. Mara tu mfugaji wa Ulaya au Florida alipoweza kuchanganya chumvi kwa mizani, samaki wa Tanganyika walizaliana katika matangi yake, na vizazi vya huko vikauzwa bila mzamiaji wala ndege kuhusika. Pakiti za chumvi zenye jina la ziwa zinauzwa leo katika maduka ya nchi ambazo hazina hata tone la maji yake. Kwa upande mmoja hili ni heri, kwa sababu miamba ya pwani inapata nafuu, hasa kwa aina zinazoishi katika ghuba moja tu na zinazoweza kumalizwa na wavuaji wachache. Kwa upande mwingine faida na utaalamu vimehamia mbali na watu wanaokaa ukingoni mwa ziwa. Iliyomhamisha samaki huyu kwa kudumu ni mizani ya chumvi kuliko nyavu, na hapo ndipo historia ya biashara hii ilipogeuka.

Tanzania, Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Zambia zilitia saini mkataba wa pamoja wa kulihifadhi ziwa mwaka 2003, na mamlaka inayousimamia ina makao yake Bujumbura. Nchi hizo zina nafasi ambayo hakuna mfugaji wa ng'ambo aliye nayo: huko Kigoma, Bujumbura, Kalemie na Mpulungu, ambapo mtoto anamjua dagaa na mgebuka sokoni lakini hajawahi kumwona samaki wa kwenye kombe akiwa hai, tangi la kufundishia halihitaji bikaboneti ya dukani wala chupa ya matone, bali pampu, kioo na maji yatokayo ziwani. Kila mji kati ya hiyo minne unapaswa kuwa na tangi moja la umma la namna hiyo, lililo wazi kwa shule.